Hesabu ya Mupiga-simu

Kila mtu pale Fizi alimwita Mupiga-simu, hata padri, hata watoto waliokimbia akipita. Jina lake la kweli baba yangu alilijua, maana liliandikwa katika kitabu cha bureau, yaani ofisi ya serikali, lakini mimi sitaliandika hapa, sikuwahi kulitumia. Alizaliwa wapi sikuuliza. Nilichokijua ni nyumba yake, ya tatu kutoka kwetu katika mstari wa nyumba za watumishi wa serikali, na kidole cha shahada cha mkono wake wa kuume, ambacho hakikutulia kamwe.

Kazi yake ilikuwa kupeleka na kupokea simu, yaani habari za serikali kwa redio, kwa vituo na mistari, milio mifupi na mirefu inayopigwa kwa kidole, akikaa peke yake katika chumba kidogo nyuma ya bureau. Alichopokea alikiandika kwa herufi safi, na baba, aliyekuwa planton, tarishi wa bureau, alikipeleka kwa mwenyewe. Lakini kidole chake hakikujua kwamba kazi imekwisha. Kilipiga juu ya meza, juu ya goti, juu ya ubao wa kiti kanisani. Mama alisema ni ugonjwa wa mishipa. Mimi nilimwona kama mtu anayeongea na mwenzake aliye mbali, nikamwonea wivu, kwa sababu mimi hata na walio karibu nilishindwa kuongea.

Niseme ukweli. Nina miaka kumi na saba sasa, nasoma ualimu kwa masista, na bado nikiitwa kusimama mbele ya darasa ulimi unakauka kama kipande cha ngozi. Mwalimu anayeogopa wanafunzi, ndiye mimi huyo. Nilipomfahamu Mupiga-simu nilikuwa na kumi na tano, na labda alinivumilia kwa sababu hiyo: alikuwa amepata mtu mwenye maneno machache kuliko yeye.

Maana na yeye alikuwa mchache wa maneno. Ukimwamkia, ukimwuliza iko namna gani, alijibu "Iko," akapita. Mama alikuwa akisema mke wa mtu yule lazima alikufa akingoja jibu. Alilisema mara nyingi, na sisi tukicheka, mpaka siku moja baba akaweka kijiko chini, akamwambia asiseme tena, akatueleza jambo aliloliona kwa macho yake.

Mke wa Mupiga-simu alikuwa amepelekwa hospitali Uvira. Asubuhi moja mashine ililia, Mupiga-simu akaandika kama kila siku, akaikunja karatasi, akaitia katika bahasha, akampa baba. Akasema, "Peleka." Baba akauliza kwa nani. Akasema, "Iko jina juu." Jina lilikuwa lake mwenyewe. Baba akasimama pale hajui afanye nini, akamwambia ndugu, habari unayo tayari. Mupiga-simu akajibu kwamba simu haipokelewi na mwenye kuiandika, inapokelewa na mwenye jina, na planton ndiye anayepeleka. Basi baba akatoka kwa mlango wa nyuma, akaizunguka bureau yote juani, akaingia kwa mlango wa mbele, akapiga hodi. Mupiga-simu akafungua, akaweka sahihi katika kitabu cha kupokea, akaifungua bahasha, akaisoma karatasi kama hajawahi kuiona. Kisha ndipo akakaa chini.

Mama hakucheka tena. Lakini hata baada ya hapo hakumpelekea chakula mwenyewe, alinituma mimi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Maneno ya wengine aliyalinda kwa dakika na herufi, lakini nyumbani kwake saa mbili zilitundikwa ukutani na hakuna hata moja iliyotembea. Alichukia kutazamwa, na bado alivaa kofia nyeupe ngumu kuvuka hatua arobaini kutoka mlangoni kwake mpaka kazini. Alisema hapendi kelele za watoto, na kumbe alikuwa akijenga kitu ambacho watoto wote wa Fizi wangekikimbilia.

Mzungu mmoja wa kazi za barabara, aliporudi kwao, aliacha kwa bureau sanduku la vyuma vilivyoharibika. Wengine walichukua bati na misumari. Mupiga-simu akachukua vitu viwili: kisanduku chenye waya mrefu na kifungo kimoja tu, na kingine kidogo kama kiberiti kikubwa. Ukifinya kifungo cha kile kikubwa, kile kidogo kinasikia, hata kikiwa mbali, bila waya katikati. Alikaa miezi akivitengeneza. Kisha akaanza kukijengea kile kidogo mwili wa kukibeba hewani.

Mwili ule ulikuwa ndege isiyo na moteri, mabawa yake yakipita urefu wangu. Aliichonga kwa mti ule mwepesi wenye majani kama mwavuli, unaoota haraka mahali shamba lilipoachwa. Ukikauka, mtoto anaweza kubeba gogo lake begani. Juu ya mifupa ya mabawa alibandika karatasi nyembamba za nakala za simu za zamani, akazipaka maji ya muhogo uliochemshwa ili zikaze, kisha vernisi. Ndiyo sababu alinihitaji. Aliona kitambaa changu cha kushona kimeanikwa, akamwuliza baba ni mikono ya nani. Karatasi ile ilitaka vidole visivyo na haraka. Niliibandika jioni nyingi barazani kwake, mlango wazi, koko, nyanya yangu, akiwa amekaa juu ya kizingiti, maana mama hakukubali msichana aende peke yake kwa mwanaume mjane.

Jua likipita katika bawa, uliona maandishi ya upande wa ndani, yamegeuka nyuma mbele. Koko, ambaye hajui kusoma, alimwomba amsomee bawa la kushoto. Akakataa. Akasema, "Hayo ni ya batu, Koko." Koko akamwambia basi ndege yako inajua siri ya Fizi nzima, siku ikianguka sokoni tutapigana wote. Kisha akaitazama vizuri, akatoa hukumu yake:

"Hii ndege, mwana yangu, iko kama kuku ya mujane. Mabawa mingi, nyama hakuna."

Nilitamani ardhi inimeze. Gundi ikakauka juu ya kidole cha Mupiga-simu. Kisha akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, kama mtu aliyekikuta mfukoni bila kutafuta. Tangu hapo koko alikwenda nasi kila mahali na karanga zake, na alisema alichotaka.

Betri za visanduku vile zilikuwa za bureau, zile zilizochoka na kutupwa. Alizianika juani kama mihogo, na zikipata joto zilitoa nguvu kidogo, dakika kumi, dakika kumi na tano. Kila Jumapili baada ya misa alizigusa kwa ulimi kujua kama zimeamka.

Tulipanda kilima kilicho nyuma ya uwanja wa mpira, mahali ambapo mchana upepo unatoka ziwani na kuupanda mlima. Alinieleza kwamba upepo ukikutana na mlima hauna njia isipokuwa juu, na ndege ikikaa mbele ya mlima itabebwa bila moteri, kama mwewe. Ila mkono wa kuume wa kilima kulikuwa na mwanya, mahali barabara ya kwenda upande wa Lulimba inapokata mlima. Pale upepo hauendi juu, unapita katikati na kuvuta kila kitu nyuma ya milima. Alinikataza hata kuelekeza pua ya ndege huko.

Sasa habari ya kifungo, kwa sababu bila hiyo hamna anayeweza kunielewa. Kifungo kilikuwa kimoja, na kazi zake mbili. Ukifinya mara ya kwanza, mkia unageuka kushoto. Ukiachia, unarudi katikati. Ukifinya mara ya pili, unageuka kuume. Ya tatu, kushoto. Ndani ya ndege kulikuwa na kamba ya mpira iliyosokotwa, na kila ukifinya inajifungua hatua moja. Chombo hakiwezi kuulizwa kiligeuka wapi mara ya mwisho. Lazima wewe ukumbuke. Basi yeye alinong'ona daima, kama mtu anayesali rozari, akiita mkono wa kushoto kike na wa kuume kiume: kike, kiume, kike, kiume. Kabla ya kuitupa ndege alihakikisha inayofuata ni kike. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa kifungo. Yeye alitupa, kwa sababu alikuwa na nguvu. Mimi nilishika kisanduku, kidole mbali, mpaka ageuke na kukichukua.

Alikuwa na fahari moja tu duniani, kwamba hapotezi hesabu. Nilimwomba anifundishe vituo na mistari, akasema hiyo ni ya kazi. Ishara moja tu alinionyesha, ile ya mtu aliyekosea: vituo vinane mfululizo, kisha unaanza neno upya. Akasema kukosea si haya. Haya ni kuendelea na neno.

Mara tatu ndege ilikwenda na haikurudi. Ilishuka polepole bondeni, tukaifuata kwa miguu, koko akituuliza kwa sauti kutoka juu kama tumeoa huko chini. Kila mara Mupiga-simu alisema neno lile lile.

"Kwenda, hata jiwe inaenda. Mi nataka yenye kurudi."

Hilo ndilo alilolitaka, si zaidi: itoke kilimani, izunguke mbele ya ziwa, irudi itue uwanjani karibu na mkono uliokuwa umeitupa. Sidhani aliwahi kutaka kitu kingine baada ya ile bahasha.

Jumapili ya nne watu walikuwa wamesikia. Walikuja waimbaji wa kanisa na ngoma yao, watoto wa shule, bamama wenye vitambaa vya misa, na wasichana wawili wa darasa langu. Betri zilikuwa za mwisho, nyingine bureau haikuwa nazo. Mupiga-simu alijaribu kifungo, kike, kiume, akanipa kisanduku, akainua ndege juu ya kichwa, akageukia ziwa kungoja upepo ukaze.

Watu walianza kunitazama mimi. Mmoja wa wale wasichana akauliza kwa sauti, "We, bibi ya ndege, utatutagia lini?" Watu wakacheka. Damu ilinipanda usoni, nikakaza kisanduku kifuani kama mtu anayejifunika, na kidole changu cha gumba kikaingia juu ya kifungo.

Niliona mkia ukigeuka kushoto na kurudi. Mlio wake haukusikika kwa sababu ya ngoma. Mupiga-simu alikuwa akitazama maji.

Ilikuwa inatosha kusema "Papa, ngoja." Maneno mawili. Nilifungua kinywa, nikaona vinywa vyote vile vingine vikinielekea, nikakifunga. Nilijiambia nitamwambia akija kuchukua kisanduku. Ndipo upepo ukakaza, akatupa.

Ilipanda vizuri kuliko siku zote. Ngoma ilikoma. Alikuja, akanitolea kisanduku mikononi, macho yake juu, midomo ikinong'ona, na akafinya. Kike, alisema. Ndege ikageuka kuume.

Ikaelekea mwanya. Aliachia, akafinya tena, ikageuka kushoto wakati yeye anasema kiume, na tangu hapo kidole chake na midomo yake havikupatana. Upepo wa mwanya ulikuwa umeishika. Ilisogea nyuma, pua ikitutazama sisi, kama mtu anayevutwa mkono na mwingine, ikapita juu ya barabara, ikazama nyuma ya mlima. Ngoma hata haikuanza tena. Bamama walikunja vitambaa vyao, watu wakashuka wawili wawili.

Alipobaki na mimi na koko tu, aliniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anavyouliza mtu wa kazi, kutaka kujua neno lilipokatika.

"Ulifinya?"

Nikatikisa kichwa kukana. Hata sauti sikuhitaji kuitumia. Uongo wangu haukuwa na neno hata moja.

Akasema, "Basi ni mi. Nilipoteza hesabu."

Tuliitafuta Jumapili tatu upande wa Lulimba, tukiuliza watu mashambani. Mmoja alisema ameona ndege mkubwa mweupe akiingia msituni. Hatukuipata. Na kila Jumapili nilibeba lile neno kupanda na kulibeba kushuka. Ishara ya mtu aliyekosea niliijua. Sikuipiga.

Kilichofuata sikukitazamia. Nilifikiri atahuzunikia ndege. Kumbe alianza kuhuzunikia kichwa chake. Baba alitwambia kwamba sasa kila simu anaiandika mara mbili na kumwomba baba ahesabu maneno, baba ambaye ni planton. Siku nyingine alikaa mbele ya mashine mikono mapajani, mashine ikimwita. Mwishowe akaenda mbele ya Administrateur, mkuu wa serikali pale, akaomba aachishwe. Walimwuliza ni kosa gani amefanya, hawakuona kosa lolote katika vitabu. Akajibu kwamba mtu mwenye kupoteza hesabu hawezi kushika maneno ya watu. Wakampa karatasi ya shukrani. Wakaleta kijana kutoka Uvira, mchangamfu, anayepiga mluzi. Mupiga-simu alishuka Baraka, kando ya ziwa, na sanduku moja, na mimi, nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni, nililitazama likipakiwa.

Koko alikufa mwaka uliofuata. Sikumwambia hata yeye. Nilipoingia kwa masista nilimwungamia padri, padri akanipa sala za kusali, lakini si padri aliyepotelewa na kazi.

Likizo hii iliyopita nilipanda lori la mihogo, nikashuka Baraka asubuhi. Haikuwa vigumu kumpata. Niliuliza mwenye kutengeneza taa, wakanionyesha banda la nyasi karibu na mahali mitumbwi inapovutwa mchangani. Wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa, wanavua kwa taa zile kubwa za kupampu, na zikiharibika wanampelekea yeye. Alikuwa amekonda. Kofia nyeupe haikuwepo. Alinitambua, akasema, "Iko namna gani," nikasema, "Iko," akanipa kigoda.

Nilikaa labda saa nzima. Wateja walikuja, na niliona jambo lililonikata. Mvuvi akileta taa tisa, Mupiga-simu alimwambia azihesabu yeye mwenyewe. Akija kuzichukua, vile vile. "Muhesabu nyinyi. Mi sihesabu." Walikuwa wamezoea. Mmoja, mtu mnene mwenye mashua mbili, alinieleza kwa furaha kwamba huyu fundi ni mzuri sana wa mikono, ila hesabu Mungu alimnyima, ukimwachia atakupa taa ya jirani. Mupiga-simu alisikia, akaendelea kusafisha sindano ya taa.

Nilisimama. Ilikuwa kama kuitwa ubaoni.

"Papa, ile siku nilifinya."

Hakuinua kichwa. "Sema tena."

"Nilifinya kifungo. Mbele ya kutupa. Ulikuwa unaangalia ziwa. Ukaniuliza, nikakudanganya."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Aliweka sindano juu ya kitambaa. Akainua mkono wake wa kuume, kiganja chini, vidole pamoja, akausimamisha hewani mbele ya uso wake. Midomo ikaanza. Mkono ukaenda mbele, ukainamia kuume. Ukarudi, ukainamia kushoto. Ukaenda kuume tena. Aliirusha ndege nzima pale juu ya meza ya taa, finya kwa finya, kila moja mahali pake, mpaka mkono ukaanza kurudi nyuma juu ya mwanya, na pale akaushusha gotini. Yule mnene alikuwa ameacha kutafuna.

"Basi nilihesabu sawa," alisema.

"Ulihesabu sawa, Papa."

Aliichukua tena sindano, akaipuliza. Nilingoja anitukane. Ningepokea.

"Ungeniambia siku ile," alisema mwishoni, "ningekukasirikia juma moja. Mbili, labda. Kisha tungefanya ingine."

Sikuona msamaha katika neno lile, wala sikuona chuki. Nilimwuliza kama atarudi Fizi. Akasema pale kazini kuna mtu. Nikasema ninaweza kwenda bureau kuwaeleza. Akaniuliza niwaeleze nini, kwamba ndege ya karatasi iligeuka vibaya? Kweli, hawakumfukuza wao. Alijifukuza mwenyewe, kwa neno ambalo mimi sikulisema.

Nje dereva alikuwa anaita watu wa Fizi. Nilimuaga, akaitikia kwa kichwa. Yule mnene alisogea kwenye taa zake zilizokuwa zimepangwa chini, akainama, akaanza kama kawaida kuzigusa kwa kidole moja moja, moja, mbili.

"Wacha," Mupiga-simu alimwambia. "Iko kumi na moja."

Mvuvi alimtazama yeye, akanitazama mimi. Kisha akajinyoosha, akawaita wanawe, wakazibeba mpaka mashuani bila kuzihesabu.